Seva iko Makorora, duka liko Muheza: ufanyeje ukiwa kwenye intaneti ya nyumba nzima?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepanga Makorora, Tanga, nyumba ya vyumba sita. Wote tunatumia faiba moja ya baba mwenye nyumba na tunachangia kila mwezi. Nina kompyuta ya mezani ya zamani niliyoigeuza seva kwa Linux. Ina programu ya stoo ya duka letu la vipuri lililoko Muheza, pamoja na picha za familia. Nikiwa chumbani inafunguka vizuri. Nataka baba aifungue akiwa dukani na dada akiwa Dodoma. Nimefungua poti 80 na 443 kwenye ruta yangu, nikachukua na jina la bure la kufuata anwani, lakini kutoka nje haifunguki. Kompyuta inaonyesha 192.168.0.14, upande wa nje wa ruta yangu ni 192.168.100.7, upande wa nje wa ruta ya baba mwenye nyumba ni namba inayoanza na 100.82, na tovuti ya kuangalia anwani inanionyesha nyingine kabisa inayoanza na 102. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Ahsante kwa kuandika namba zote nne. Wengi huniletea "haifunguki" peke yake, na hapo hata mganga hana la kusema.

Hukukosea. Poti umezifungua sawasawa, ila umezifungua kwenye ruta ambayo dunia haiioni. Kati ya kompyuta yako na intaneti yenyewe kuna vituo vitatu vinavyobadilisha anwani: ruta yako, ruta ya baba mwenye nyumba, na mitambo ya kampuni inayowauzia huduma. Wewe una mamlaka juu ya kimoja tu.

Zisome namba zako kutoka ndani kwenda nje. Mbili za kwanza zimo katika mafungu yaliyotengwa mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168. Mtu yeyote anaweza kuzitumia nyumbani kwake bila kuomba ruhusa, na kwa sababu hiyohiyo hakuna ruta ya intaneti kuu itakayopeleka kitu huko. Ya tatu ndiyo inayowapoteza watu, maana inafanana na anwani halali ya nje. Siyo. Fungu la 100.64 hadi 100.127 lilitengwa Aprili 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Maana yake ni kwamba baba mwenye nyumba wenu, kwenye intaneti, naye ni mpangaji. Namba ya nne, ile ya 102, ndiyo ya kweli. Imo katika mafungu ya AFRINIC, msajili wa anwani kwa Afrika, pamoja na yale ya 41, 105, 154, 196 na 197. Lakini ni ya kampuni, na wakati huu huu wanaitumia wateja wengine ambao hamjuani.

Usiikasirikie kampuni. Anwani za aina hii, ziitwazo IPv4, zina urefu wa biti 32, kwa hiyo zote kwa jumla hazizidi bilioni 4.3. Ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, na AFRINIC iliingia awamu ya mwisho ya kugawa kwa kubana Januari 2020. Anayeanza kuunganisha mitaa leo hana anwani ya kumpa kila mwenye nyumba.

Sasa, kwa nini wewe unafungua kila tovuti duniani bila shida, ila dunia haiwezi kufungua kwako? Ni kama S.L.P. ya shule inayotumiwa na kata nzima. Ukiandika barua, karani anaandika daftarini kwamba barua ya kwenda kwa fulani imetoka kwako, na jibu likija anajua alipeleke kwa nani. Barua ikija bila wewe kuandika kwanza, na juu yake pana namba ya sanduku tu, karani hana pa kuipeleka. Kila kituo kati ya vile vitatu kina daftari la namna hiyo. Kufungua poti ni kumwambia karani mapema kwamba barua za aina fulani ziletwe kwangu. Umemwambia wa kwanza. Wa pili anamsikiliza baba mwenye nyumba, na wa tatu hasikilizi mteja yeyote.

Lile jina la bure nalo haliongezi kitu. Linafuata anwani ya 102, ambayo yenyewe ni waja leo waondoka leo, na hata siku linapoonyesha anwani sahihi linamfikisha mgeni kwenye geti la kampuni na kumwacha hapo.

Kwa hiyo acha kuhangaika na mlango, kwa sababu mlango si wako. Fanya seva itoke yenyewe, iende mahali penye anwani ya kweli, iishike njia hiyo wazi usiku na mchana, kisha baba na dada waingie kwa kupitia hapo. Kutoka ndani kwenda nje hakuna karani anayekuzuia.

Kabla ya kufika huko nikutahadharishe jambo moja. Ukitafuta msaada mtandaoni utaambiwa kwamba ruta mbili nyuma ya nyingine ni kosa, uitoe yako au uigeuze daraja tupu (bridge) lisilobadilisha anwani. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu aliye peke yake kwenye nyumba yake. Kwenye nyumba ya vyumba sita, ruta yako ndiyo ukuta kati ya seva yako na simu, televisheni na kompyuta za wenzako, pamoja na virusi vyao. Ukiitoa, seva inakaa kwenye mtandao mmoja na kila mgeni aliyepewa nenosiri la Wi-Fi ukumbini. Iache palepale. Zile poti 80 na 443 zifunge, maana hazina kazi tena, na kwenye ruta yako zima ile huduma ya UPnP inayoruhusu vifaa vijifungulie poti vyenyewe.

Njia ziko kadhaa. Nitazipitia haraka zile ambazo kwako naona hazifai au zinafaa nusu.

Ya kwanza ni kununua anwani ya kudumu kutoka kwa kampuni. Zipo zinazouza, mara nyingi kwenye vifurushi vya biashara. Lakini mkataba ni wa baba mwenye nyumba, kwa hiyo yeye ndiye wa kuomba, na ada itaingia kwenye bili yake. Ikishapatikana, poti ifunguliwe kwake kuelekea 192.168.100.7, kisha kwako kuelekea 192.168.0.14. Ukihama nyumba, umeiacha. Kwa mpangaji siipendekezi.

Ya pili ni IPv6, aina mpya ya anwani, ambayo ina biti 128 na haina uhaba wowote. Ingia kwenye tovuti ya kupima, uone kama mna anwani ya aina hiyo. Ikiwa ipo, huenda seva yako ikapata anwani ya kweli bila karani hata mmoja, ingawa ruta zote mbili lazima ziipitishe na fayawoli zake ziruhusu. Tatizo ni kwamba baba naye kule Muheza na dada kule Dodoma lazima mitandao yao iwe na IPv6, na leo simu ina, kesho imewekwa laini nyingine haina. Iwe ziada, usiitegemee peke yake.

Ya tatu ni huduma kama Tailscale. Unaweka programu kwenye seva, kwenye simu ya baba na ya dada, wote mnaingia kwa akaunti, vifaa vinaonana. Ina kiwango cha bure kwa matumizi binafsi. Inajaribu kwanza kutoboa njia ya moja kwa moja kati ya vifaa. Ikishindwa, inapitisha data kwenye mitambo ya kati, na hapo kasi hushuka. Ukiwa nyuma ya vituo vitatu kama wewe, usishangae ikipita mitambo ya kati mara kwa mara. Kwa kurasa za stoo hutahisi sana. Kwa video za harusi utahisi. Halafu ujue kwamba nayo hugawa anwani za 100.64 na kuendelea, fungu lilelile la kampuni yenu, kwa hiyo usije ukazichanganya ukiwa unasoma kumbukumbu za seva usiku. Kama hutaki kabisa kusimamia chochote, chagua hii na usisome zaidi.

Ya nne ni handaki la kampuni ya Cloudflare: seva yako inatoka hadi kwao, na wageni wanaingia kwa kupitia kwao. Ni zuri kwa tovuti unayotaka umma uione, na linahitaji uwe na jina la tovuti lako mwenyewe. Ila usimbaji wa data unafunguliwa kwao kabla ya kufika kwako, na usipoweka kizuizi cha kuingia, programu ya stoo ya baba inakuwa mbele ya dunia nzima. Kwa watu watatu wa familia moja sioni sababu.

Ninayokupendekezea ni seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya kweli, pamoja na WireGuard, programu inayojenga handaki lililosimbwa kati ya vifaa vyenu. Mashine ndogo kabisa ya Linux, yenye kumbukumbu ya MB 512 au GB 1, inatosha. Kazi yake ni kupokea na kupitisha tu. Nyingi hupatikana kwa dola chache kwa mwezi. WireGuard yenyewe ni ya bure na imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, kwa hiyo kompyuta yako huenda inayo tayari na inangoja amri zake tu.

Mpangilio ni huu. Chagua fungu la ndani ambalo hakuna mtandao wenu wowote unalitumia, tuseme 10.77.0.0/24. Usichague 192.168.0 wala 192.168.1, kwa sababu ruta ya dukani Muheza ina uwezekano mkubwa wa kutumia mojawapo, na hapo simu ya baba haitajua iende upande gani. Seva ya kukodi iwe 10.77.0.1, ya Makorora 10.77.0.2, simu ya baba .3, ya dada .4. Kila kifaa kiwe na jozi yake ya funguo. Ufunguo wa siri wa seva haukitoki kifaa chake, wa simu utauweka ndani ya msimbo wa QR wa simu hiyo tu, na ule wa wazi unaupeleka kwenye seva ya kukodi. Kwenye seva hiyo weka `ListenPort = 51820`, ruhusu poti hiyo ya UDP (namna ya kutuma data ambayo WireGuard huitumia) kwenye fayawoli, washa upitishaji kwa `net.ipv4.ip_forward=1`, na kila mwanachama mpe `AllowedIPs`, yaani anwani zinazopitishwa kwake, ya anwani yake moja tu, kwa mfano `10.77.0.2/32`.

Kwenye seva ya Makorora, `Endpoint` iwe anwani ya seva ya kukodi, na `AllowedIPs = 10.77.0.0/24`. Watu wengi hunakili mfano wenye `0.0.0.0/0` bila kufikiri, kisha wanashangaa kwa nini kila kitu, hadi sasisho za Linux, kinazungukia seva ya kukodi. Halafu mstari ambao bila huo yote haya ni bure: `PersistentKeepalive = 25`. Kumbuka karani na daftari lake. Kwa mawasiliano ya UDP, ruta nyingi hufuta mstari wako baada ya nusu dakika au dakika chache za ukimya, na ukishafutwa, baba akigonga hakuna anayejua ampeleke kwa nani. Namba 25 ni sekunde: kila sekunde 25 seva yako inatuma kipande kidogo ili makarani wote watatu wasikusahau. Kipande hicho, pamoja na bahasha zake, ni baiti 60. Kwa siku vinakuwa 3,456, yaani kama KB 207. Hata ukijumlisha kupeana funguo upya kila dakika chache, MB moja kwa siku haifiki. Wenzako hawatakunung'unikia kwa hilo.

Kwenye simu, programu ya WireGuard inasoma mipangilio kwa kupiga picha msimbo wa QR, kwa hiyo baba hataandika chochote. Atawasha, kisha atafungua 10.77.0.2 kwenye kivinjari. Seva ya kukodi ndiyo kitovu, na data inafunguliwa hapo na kufungwa tena kabla ya kuendelea. Kwa hiyo usiache programu ya stoo bila nenosiri eti kwa kuwa imo ndani ya VPN (mtandao wa faragha kama huu wa handaki), na kwenye seva ya kukodi uingie kwa ufunguo wa SSH (njia ya kuiamuru kompyuta kwa mbali), si kwa nenosiri, maana mashine yoyote yenye anwani ya wazi huanza kugongwa na roboti mara tu inapowashwa.

Mahali pa kuikodi pana uzito kuliko bei. Ukikodi Ulaya, ukurasa unaotoka Makorora kwenda Muheza, mwendo usiofika kilomita 50, utavuka bahari kwenda na kurudi. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za kebo huongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kwa stoo si neno. Lakini mwezi Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja na Tanzania ikayumba, aliyetegemea kitovu cha nje alikwama hata kama ndugu yake yuko mtaa wa pili. Ukipata seva ya kukodi Dar es Salaam kwa bei unayoiweza, ichukue hata kama ni ghali kidogo.

Mambo mawili ya kiufundi yatakusumbua, nakuambia mapema. Ukiona `ping` inajibu lakini ukurasa unaanza kufunguka kisha unaganda, mara nyingi vipande vya data ni vikubwa kuliko njia inavyopitisha. Weka `MTU = 1280` pande zote badala ya 1420 ya kawaida, ujaribu tena. Jingine linahusu kompyuta ya zamani kama yako. Betri ile ndogo ya duara kwenye ubao mama, CR2032, ikiwa imekufa, umeme ukikatika saa ya kompyuta inarudi miaka nyuma. WireGuard huweka alama ya muda kwenye salamu yake ya kwanza, na upande wa pili hukataa alama iliyo nyuma ya ile ya mwisho iliyoona, ili mtu asirudie salamu ya zamani aliyoinasa. Matokeo yake umeme umerudi, intaneti ipo, handaki halishiki. Likishikana lenyewe baada ya dakika kadhaa, saa imejirekebisha kwa mtandao. Badilisha betri, hupatikana kwa mafundi wa saa pia.

Tukiwa kwenye umeme: kwenye BIOS weka mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, na mwambie baba mwenye nyumba kwamba ruta yake ndiyo yenu nyote, isichomolewe mtu anapotaka kuchaji simu. Mkiwa mnatumia LUKU moja, kuna ile usiku wa manane yuniti zinaisha na kila mmoja anangoja mwenzake anunue. UPS ndogo itaipa seva muda wa kujizima kwa adabu, na picha za familia ziwe na nakala kwenye diski nyingine isiyokaa chumba hicho.

Kasi utakayoitegemea sasa ni ya kupandisha, si ile ya kushusha iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo la kifurushi. Ipime saa mbili usiku, nyumba ikiwa imejaa na mpira unaonyeshwa. Ukipata Mbps 5 za kupandisha, hiyo ni kama MB 0.6 kwa sekunde, na picha ya MB 4 itamfikia dada baada ya sekunde sita hadi saba. Ukitaka kumpandishia albamu nzima, fanya alfajiri.

Mwambie baba mwenye nyumba unachofanya kabla ya kuanza. Hufungui chochote kwenye ruta yake, lakini huduma ni kwa jina lake, na akiulizwa asikutane na habari hiyo kwa mara ya kwanza. Kisheria pia kuna mawili ya kuangalia. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba watu binafsi na kampuni wanaotumia VPN kwa shughuli zao halali watoe taarifa kwake, ikaweka mwisho tarehe 30 ya mwezi huo. Handaki lako ni VPN, hata kama halikupeleki kwenye tovuti yoyote iliyozuiwa, kwa hiyo waulize utaratibu wa sasa ukoje na ujisajili. Na kama programu ya stoo ina majina na namba za simu za wateja wanaokopa, ujue kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Weka yale tu ambayo duka linayahitaji.

Ukimaliza kupanga, usijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumba, utadanganyika. Kwenye seva ya kukodi andika `wg show`, utazame salamu ya mwisho kutoka Makorora ilikuwa lini; ikiwa ni ndani ya dakika mbili au tatu, njia ipo. Kisha chukua simu yako, zima Wi-Fi, washa bando, washa WireGuard, fungua 10.77.0.2. Ukurasa wa stoo ukitokea, iache simu nusu saa bila kuigusa, ujaribu tena. Ukitokea mara ya pili, mpelekee baba msimbo wake wa QR.